Kalamu Fupi, Tumbo Kubwa: Wino Mfukoni Kwenye Joto la Tanga

REHEMA: Haya, feni imezimwa isije ikavuma kwenye maiki, dirisha limefungwa, jasho linatutiririka. Karibuni tena. Mimi ni nesi Rehema, mwenzangu ni mwalimu Juma, na leo kaniwekea mezani... hizi nini, mwalimu? Kalamu au vipande vya chaki?

JUMA: Shikamoo kwanza, dada.

REHEMA: Marahaba. Uliniamkia mlangoni, unaniamkia tena, unataka wasikilizaji wanihesabie miaka.

JUMA: Hizi ni kalamu za wino, za mfukoni. Zote mbili ni Kaweco Sport, za plastiki. Ikiwa imefunikwa ina sentimita 10.5 tu. Shika. Umeona ilivyo nyepesi?

REHEMA: Kama haina kitu.

JUMA: Sasa vua kifuniko, kichomeke kwa nyuma. Imerefuka, imekuwa sentimita 13 na ushee. Inakaa mkononi kama kalamu nyingine yoyote. Ukimaliza unairudisha kuwa kidude. Lakini siyo hilo lililonileta. Izungushe, fungua shingo taratibu, usiinamishe!

REHEMA: Eeh! Humu ndani ni wino mtupu. Katriji, kile kichupa cha wino cha kuchomeka, iko wapi?

JUMA: Hakuna. Tumbo zima la kalamu ndiyo chupa. Unafungua, unatia wino kwa bomba, unafunga, unaandika. Zamani walitia kwa kile kioo chenye kipira cha kubonyeza juu, kama cha dawa ya macho. Mimi natumia bomba la sindano la mililita 5 kutoka duka la dawa.

REHEMA: Na mimi nilikuwa nayo ya namna hii, wasikilizaji. Nilikuwa nayo. Tutafika huko.

JUMA: Kabla hatujafika huko, tuweke jaribio. Hii ya bluu nimeijaza hadi shingoni. Hii nyeusi imebaki robo. Nazibana kwa vibanio vya nguo kwenye midomo ya glasi, nibu, yaani ncha za kuandikia, zinaangalia chini, na chini yake tishu nyeupe. Ila nibu isiguse tishu. Ikigusa, karatasi itaunyonya wino wote na hapo hatujapima chochote. Mwisho wa kipindi tunaangalia kama kuna iliyodondosha. Mimi nasema hakuna.

REHEMA: Mimi nasema nyeusi. Anayeshindwa ananunua mishkaki.

JUMA: Sawa. Imeandikwa.

REHEMA: Sasa nieleze, mdogo wangu. Mtu unanunua kalamu ndogo ili uitie mfukoni usiifikirie tena. Kisha unaigeuza kuwa tangi la wino. Unatafuta nini?

JUMA: Udogo wake ndio unaonilazimisha. Kalamu fupi haina nafasi ndani, inaingia katriji fupi, ile ya mililita 0.8 hivi. Kile kibomba kidogo cha kuvutia wino kutoka kwenye chupa kinabeba hata kidogo zaidi. Mimi nina wanafunzi 52, na siyo mwalimu wa kuweka vyema tu, naandika maoni. Kipindi cha mitihani nilikuwa nabadilisha katriji kila baada ya siku mbili tatu, na katriji zenyewe hapa Tanga sijaziona dukani. Chupa ya wino naipata. Nilipoijaza tumbo mara ya kwanza nilipima, ziliingia mililita mbili na kidogo. Ni zaidi ya mara mbili, kwenye kalamu ileile.

REHEMA: Kwa hiyo ni uchumi.

JUMA: Uchumi, na raha kidogo. Ile ya plastiki inayoonyesha ndani, ukiinua kwenye mwanga unaona wino unavyocheza kama maji kwenye chupa ya soda. Huwezi kunidanganya kuwa hupendi.

REHEMA: Napenda nikiwa nimevaa nguo nyeusi. Hizi ni za wapi?

JUMA: Ujerumani. Kampuni ilianzia Heidelberg mwaka 1883. Jina lenyewe ni vipande vya majina: Koch, Weber na Kompani, yaani Ka-We-Co. Siku hizi zinatengenezwa Nuremberg. Hii nililetewa na binamu. Lakini kujaza wino moja kwa moja tumboni siyo ubunifu wa watu wa leo, dada. Huko ndiko kalamu za wino zilikoanzia. Waterman, mtengenezaji wa kalamu, alipopata hataza yake kule Marekani mwaka 1884, kalamu zilijazwa hivyohivyo, kwa matone. Mipira ya kufyonza wino, na wenzo mdogo wa pembeni wa kuibonyeza, vilikuja baadaye. Na walikuwa na fupi pia. Kwenye namba za Waterman ukiona herufi V mwishoni, ujue ni ya mfuko wa kizibao.

REHEMA: Kizibao cha Ulaya, kwenye baridi. Andika hilo neno baridi, nitalirudia.

JUMA: Najua unakokwenda.

REHEMA: Twende pamoja. Mwaka juzi ninayo yangu, nimeijaza, naiweka mfuko wa juu wa sare. Sare nyeupe. Zamu ya mchana, wodi imejaa, nainama, nainuka. Saa tisa mgonjwa mmoja, bibi wa watu, ananiambia, "Mwanangu, wewe nawe unatoka damu ya buluu?" Naangalia, doa la ukubwa wa chapati ya maji. Nilidhani imepasuka. Nikafika nyumbani, nikaifungua, nzima kabisa. Hesi hazijalegea. Ila kifuniko kwa ndani kimejaa wino.

JUMA: Ilikuwa imebaki wino kiasi gani?

REHEMA: Robo. Kama ile yako nyeusi pale. Ndiyo maana nimeweka mishkaki yangu hapo.

JUMA: Basi hiyo haikuvuja, ilicheua. Wino ukipungua, nafasi yake inachukuliwa na hewa. Hewa ikipata joto inatanuka, na haina pa kutokea ila kwa mbele, kwa hiyo inausukuma wino kwenye nibu.

REHEMA: Nilikaa nikapiga hesabu, unajua kazi yetu ni matone. Kwenye dripu ya kawaida matone 20 ni mililita 1, kwa hiyo tone moja ni 0.05. Sasa kalamu yako ina mililita 2. Ikibaki robo, ndani kuna hewa 1.5. Chumbani nyuzi 27, mkono au kifua unaifikisha 34. Hewa inatanuka kama sehemu 1 kwa 300 kwa kila nyuzi. Nyuzi 7, hewa 1.5... unapata 0.035. Siyo tone zima, lakini ni zaidi ya nusu. Ukilitikisa kidogo, limeshaanguka.

JUMA: Na ikiwa imejaa?

REHEMA: Hewa ni kidogo, labda 0.2. Inasukuma 0.005. Hiyo hata huioni.

JUMA: Unaona? Umenisaidia. Dawa ni kutoiacha ishuke. Ikifika nusu, jaza. Na ule ulimi mweusi chini ya nibu, ukiutazama una mapezi mapezi kama ya samaki. Yale yapo kwa ajili hiyo, yanashika wino uliozidi usidondoke. Tatizo mapezi yana kikomo.

REHEMA: Kwa hiyo kalamu ya mililita 2 unatumia 1 tu, ya pili ni mlinzi. Mwalimu, umerudi karibu na katriji yako!

JUMA: ...Hilo sikuwahi kuliwaza hivyo.

REHEMA: Nimeshinda hata kabla ya tishu.

JUMA: Subiri. Hata hivyo 1 ni zaidi ya 0.8, na nikiwa mezani naimaliza yote. Mezani inalala. Safarini nairuhusu iwe imejaa au tupu kabisa, hakuna katikati. Binamu yangu aliileta tupu, kwenye ndege presha ikishuka hewa inatanuka vilevile. Na nibu daima juu.

REHEMA: Nyingine za chuma zinafaa? Niliona ya shaba nyeupe... hapana, ya shaba nyekundu... ile ya manjano.

JUMA: Ya brasi. Usithubutu. Wino una kemikali, unakula chuma taratibu, na chuma chenyewe kinapitisha joto la mkono upesi kuliko plastiki. Za chuma ziachie katriji. Ikiwa unataka kitu kinachokinga joto, nenda India. Kule kuna mafundi mpaka leo wanachonga kalamu kwa mashine ya kukereza, kwa ebonaiti. Hiyo ni raba iliyopikwa na salfa mpaka ikawa ngumu kama pembe. Kuta zake nene, joto la mkono linachelewa kufika kwenye hewa ya ndani. Nyingi zao ni za kujaza tumboni, siyo kwa fasheni, ndivyo walivyozoea.

REHEMA: Wahindi nao wana joto kama letu.

JUMA: Ndiyo hoja yenyewe! Wakati wewe unasema mambo ya baridi ya Ulaya. Kuna mji unaitwa Rajahmundry, kwenye mto Godavari. Fundi mmoja, K. V. Ratnam, alianza kalamu zake miaka ya 1930, enzi zile Gandhi anawaambia watu watumie kilichotengenezwa kwao. Gandhi akapelekewa kalamu, na mwaka 1935 akamwandikia barua ya shukrani. Watu wa joto kali wakatembea na matangi ya wino mifukoni miaka yote hiyo.

REHEMA: Na madoa.

JUMA: Na madoa, sikatai.

REHEMA: Tuambie kuhusu kufunga. Mimi nilipaka mafuta ya mgando kwenye hesi.

JUMA: Kosa hilo! Na wengi wanalifanya kwa sababu kopo liko kila nyumba. Mafuta ya mgando yanatokana na mafuta ghafi, yanaweza kuivimbisha oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, mpaka inalegea. Inatakiwa grisi ya silikoni. Mimi yangu niliipata kwa jamaa wanaopiga mbizi, wanapaka kwenye oringi za taa na kamera zao zisiingie maji ya bahari. Kichupa kidogo, kitanizika. Unapaka kiasi cha punje ya mchele, unazungusha, kinachotoka nje unafuta. Ukizidisha kinaingia ndani kinaziba njia ya wino. Wengine wanazungusha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Inafanya kazi, ila kila ukifungua unaanza upya.

REHEMA: Na wino?

JUMA: Wino wa kalamu, basi. Siyo wino wa kuchorea wenye gundi ya shelaki, ukikauka umeganda moja kwa moja. Siyo wino wa printa. Na... haya, nikiri. Nilishawahi kutia wino wa mhuri.

REHEMA: Mwalimu!

JUMA: Chupa ilikuwa kwenye meza ya ofisi ya walimu, nyekundu nzuri, na mimi wangu umeisha madaftari yako katikati. Kalamu iliandika mistari mitatu ikasita, ikawa kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Ule wino ni mzito, umetengenezwa usikauke kwenye kidau cha mhuri. Niliiloweka siku nne, maji na tone la sabuni ya vyombo, kila nikibadilisha maji yanatoka waridi. Ndiyo hiyo nyeusi pale. Mpaka leo ukiitazama ulimi wake una wekundu.

REHEMA: Mimi kazini nimerudi kwenye biki, niseme ukweli. Faili la mgonjwa haliandikwi kwa wino unaoyeyuka likimwagikiwa maji. Kalamu ndogo ninayo, ina katriji yake, iko kwenye mkoba pamoja na daftari langu la mambo yangu. Siipeleki wodini.

JUMA: Hapo tumekubaliana. Na madaftari yetu haya ya shule, karatasi inanyonya mno, chukua nibu nyembamba. Nene inatokea upande wa pili.

REHEMA: Muda umekwisha. Tuangalie glasi.

JUMA: Ya bluu... tishu safi. Na nyeusi... dada, njoo uone mwenyewe. Safi! Peupe! Hata alama!

REHEMA: Ebu. Sogeza mwanga. Mmh.

JUMA: Vichwa chini, muda wote huu, chumba hiki cha kuokea mikate, na hakuna kitu! Nipe hilo daftari. Naandika kwa kalamu hiihii nyeusi, wasikilizaji, nimeishika, iko barabara. "Nesi Rehema anadaiwa..."

REHEMA: Umeikumbatia ngumi nzima, mwalimu.

JUMA: Furaha. "...anadaiwa mishkaki kumi, leo tarehe..."

REHEMA: Mwalimu.

JUMA: Nini?

REHEMA: Angalia nibu.

JUMA: ...Lo.

REHEMA: Limeangukia kwenye kumi. Sasa inasomeka nini hapo?

JUMA: Washa feni, dada. Washa feni.