Sumu ya Makusudi: Kimeng'enya Kinacholala Mpaka Kiamshwe

SALIM: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi ni Salim, na niko na dada Rehema, ambaye amekaa kwenye darubini za maabara ya damu miaka mingi. Dada, nianze na jambo linalonitatiza. Kila kopo la virutubisho linaniambia kwamba oksijeni kali mwilini ni adui, niiondoe. Halafu wewe unaniambia tuna kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini, ambacho kazi yake ni kuitengeneza hiyohiyo.

REHEMA: Ndiyo, na hakina kazi nyingine. Mitokondria huvujisha kidogo kwa bahati mbaya wakati zinatengeneza nishati. Hiki hakivujishi, kinatengeneza kwa makusudi. Kinaitwa NADPH oksidesi.

SALIM: Kinakaa wapi?

REHEMA: Kinachojulikana zaidi kiko kwenye seli nyeupe za damu, hasa neutrofili, zile zinazofika mwanzo mahali palipoingia vijidudu. Na hakikai kizima. Vipande viwili vimepachikwa kwenye utando wa seli. Vingine vinaelea ndani, mbalimbali. Seli ikimeza bakteria, vile vya ndani vinakimbilia kwenye utando, vinaungana na wenzao, mashine inawaka. Inachukua elektroni kutoka kwa NADPH, kemikali ya seli inayobeba elektroni, upande wa ndani, inazivusha utando na kuzikabidhi kwa oksijeni iliyo ndani ya kifuko alimofungiwa bakteria.

SALIM: Oksijeni ikibebeshwa elektroni ya ziada inakuwa nini?

REHEMA: Superoksaidi. Hiyo nayo haikai, inageuka haidrojeni peroksaidi. Kisha kimeng'enya kingine, mieloperoksidesi, kinachukua peroksaidi na kloridi, kinatoa asidi ya haipoklorasi, jamii moja na kemikali ya dawa ya kupaushia nguo. Na hapa nisimame kidogo: mieloperoksidesi yenyewe ina rangi ya kijani. Ukiona usaha wa kijani, au kamasi ya kijani, watu wengi hudhani ile ni rangi ya vijidudu. Kwa sehemu kubwa ni rangi ya askari wako waliofia pale.

SALIM: Subhanallah. Sikuwahi kulijua hilo.

REHEMA: Mwaka 1933 watafiti Baldridge na Gerard waliona kwamba seli nyeupe zikimeza bakteria, matumizi yake ya oksijeni yanapanda ghafla. Ilikuwa rahisi kudhani zinahitaji nguvu za kumezea. Lakini baadaye ikaonekana kwamba hata ukizuia upumuaji wa mitokondria kwa sianidi, ile oksijeni inaendelea kuliwa. Kwa hiyo haikuwa ya nishati. Ilikuwa malighafi ya silaha.

SALIM: Na mtu akizaliwa bila mashine hii?

REHEMA: Huo ni ugonjwa sugu wa granuloma, yaani vinundu vya seli za kinga. Ni wa nadra, hukadiriwa mtoto mmoja kati ya takriban 200,000 wanaozaliwa. Ulielezwa katika miaka ya 1950, na wakati ule watoto walikuwa wanakufa. Unakuta mtoto ana majipu ya ini, nimonia ya fangasi, tezi zimevimba zinatoa usaha, anatibiwa, anapona, anarudi. Ukipima seli nyeupe, idadi ni nzuri. Ukipima kingamwili, zipo. Seli zinafika, zinameza, na bakteria anakaa mle ndani hai.

SALIM: Bakteria wote?

REHEMA: Hapana. Wanaosumbua zaidi ni wale wenye katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi, kama Staphylococcus aureus, pamoja na fangasi wa Aspergillus. Na kuna jambo ambalo wazazi wa mtoto wa namna hii wanapaswa kuambiwa mapema: chanjo ya BCG ina vijidudu hai, na kwa mtoto huyu inaweza kugeuka kuwa maambukizi ya kweli.

SALIM: Mnaugunduaje?

REHEMA: Siku hizi kwa mashine inayopima mwanga wa seli moja moja. Lakini mimi nilijifunzia kipimo cha zamani, na bado nakipenda, kwa sababu jicho lako ndilo linaloona. Unachukua damu kidogo, unatia rangi ya manjano iitwayo NBT, unaziamsha seli, unaziweka kwenye joto la mwili kwa muda, kisha unatazama. Superoksaidi ikiwepo, ile manjano inageuka buluu nzito ndani ya seli. Kwa mtu mzima wa afya, neutrofili karibu zote zina madoa ya buluu. Kwa mtoto mgonjwa unasogeza slaidi, unasogeza, unasogeza, zote zimepauka.

SALIM: Tiba je?

REHEMA: Kotrimoksazoli kila siku kwa ajili ya bakteria, itrakonazoli kwa ajili ya fangasi, na kupandikiza uboho kwa anayepata mtu wa kulingana naye. Wengi sasa wanafika utu uzima.

SALIM: Sasa, kama hana oksijeni kali, si angalau mwili wake ungepumzika na uvimbe?

REHEMA: Wangu, ungetegemea hivyo, na ni kinyume kabisa. Watoto hawa huvimba utumbo kwa namna inayofanana na ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, hata pale ambapo hakuna kijidudu kinachoonekana. Mwaka 2003 watafiti wa Sweden waliokuwa wakisaka jeni linalozidisha ugonjwa wa viungo kwa panya walikuta ni kipande kimojawapo cha kimeng'enya hikihiki. Panya waliotengeneza oksijeni kali kidogo ndio walioumwa zaidi. Maana yake sumu hii pia ni ujumbe, inaiambia kinga itulie. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye somo hili.

SALIM: Na uliwahi kusema kimeng'enya hiki kina ndugu.

REHEMA: Kwa binadamu wako saba jumla. DUOX2 yuko kwenye tezi ya thairoidi, anatoa peroksaidi inayotumika kubandika iodini kwenye homoni. Akiharibika, mtoto anaweza kuzaliwa na upungufu wa homoni hiyo. NOX3 yuko ndani ya sikio. Panya wasio naye hawapati vijiwe vya kupimia mwinamo, wanatembea vichwa vimeinama upande. Wengine wako kwenye kuta za mishipa ya damu, na hao wakizidi ni shida ya kweli: superoksaidi inaikamata nitriki oksidi inayolegeza mishipa, na presha inapanda.

SALIM: Basi kopo langu lina hoja kidogo.

REHEMA: Lingekuwa nayo kama vidonge vingejua kuchagua mahali. Huko Finland walipewa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 beta-karotini au vitamini E, vya kuondoa oksijeni kali, au vyote, au vidonge visivyo na dawa. Matokeo yakatoka 1994: waliokunywa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Kula matunda. Vidonge, muulize daktari kwanza.

SALIM: Kabla hatujafunga, ile slaidi ya mama uliyonisimulia.

REHEMA: Kwenye ule ugonjwa wa granuloma, jeni linaloharibika mara nyingi liko kwenye kromosomu X, ndiyo maana wagonjwa wengi ni wavulana. Mama ana X mbili, na kila seli yake hulaza moja. Mtoto mmoja alipopatikana na ugonjwa tukampima na mama yake. Alikuwa mzima, hajawahi kulazwa. Kwenye slaidi, seli moja ya buluu, jirani yake imepauka, mbili za buluu, tatu zimepauka, hivyohivyo uwanja mzima. Akaniomba atazame. Nikamrekebishia darubini, akainama muda mrefu, kisha akauliza: "Hizi za buluu ndizo zilizonilinda?" Nikamwambia ndizo. Akaomba atazame tena.