Shina Kwako, Matawi kwa Jirani: Mhadhara kwa Wakazi wa Nyegezi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wetu, ndugu zangu, nashukuru kwa nafasi hii.

Anayetaka kujua mti ni wa nani aangalie shina, si matawi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inavihesabu vitu viotavyo vyenyewe kuwa sehemu ya ardhi, na miti iliyopandwa inaitaja miongoni mwa maendelezo ya mmiliki. Mwembe ulioota ndani ya kiwanja chako ni wako, hata kama nusu ya kivuli chake kinamfaidi mwenzako.

Sheria hiyo, hata hivyo, haituelezi la kufanya tawi linapovuka ukuta, kwa hiyo tunarudi kwenye kanuni za Uingereza zilizopokelewa hapa nchini kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Katika shauri la Lemmon dhidi ya Webb, lililoamuliwa mwishoni mwa karne ya 19, ilikubalika kwamba jirani anaweza kukata matawi yaliyoingia kwake bila hata kutoa taarifa, mradi asikanyage kiwanja cha mwenye mti. Binafsi naona ni uungwana kubisha hodi kwanza, ingawa sheria haikulazimishi.

Wengi wetu hukosea baada ya panga kufanya kazi yake. Ruhusa ya kukata si ruhusa ya kuchukua. Katika shauri la Mills dhidi ya Brooker la mwaka 1919, ambalo lilitangulia kwa muda mfupi tu ile tarehe ya mwaka 1920 na hivyo linahesabika kwetu, jirani aliyechuma na kuuza matufaha yaliyoning'inia upande wake aliamriwa kulipa. Kwa hiyo maembe yaliyo juu ya bati lako ni ya mwenye mwembe, na vivyo hivyo gogo ulilokata: ukiligeuza mkaa, unachoma mali ya mtu.

Mizizi nayo hufuata mkondo huo huo. Ikipasua ukuta wako au karo la choo, unaweza kuikata upande wako, na unaweza pia kudai fidia kwa kero uliyopata.

Ugumu mkubwa uko milimani, kule Mabatini na Igogo hapa jijini Mwanza, ambako nyumba nyingi zilitangulia upimaji na mpaka ni jiwe kubwa au safu ya minyaa. Mti ukisimama mpakani penyewe, uamuzi wa Uingereza wa mwaka 1827 ulimpa mali yule ambaye ulipandwa kwanza upande wake, jambo ambalo kwetu huthibitishwa na wazee waliokuwepo. Waandikisheni ushahidi wao wangali hai. Walio ufukweni wakumbuke pia kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani.

Mgogoro wa mpaka ukishindikana nyumbani, upelekeni Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Aende na picha ya mti iliyopigwa kabla haujakatwa, pamoja na ramani ya upimaji inayoonyesha bikoni (alama za mpaka), ikiwa anayo.