Ufuo Wako Unalishwa na Nani? Mhadhara kuhusu mlima, mto na pwani ya Mombasa

Assalamu alaikum. Wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za jioni.

Hapa mezani pana visahani viwili vya mchanga na chupa ya siki. Sahani ya kulia ni mchanga wa Nyali. Ya kushoto ni wa Mambrui, kaskazini ya mdomo wa mto Sabaki. Natia kijiko cha siki kila upande. Mlioko mbele mnaona: wa Nyali unatoa povu kama soda iliyotikiswa, wa Mambrui umenyamaza, povu lake la kubabaisha tu. Ukipitisha sumaku juu ya huu wa Mambrui, chembe nyeusi zinarukia. Ukiuweka juani, unametameta kwa ulanga.

Mchanga wa Nyali ni chokaa, na chokaa ikikutana na asidi huchemka. Umetengenezwa hapa hapa, kwenye mwamba wa matumbawe mnaouona maji yakipwa. Wa Mambrui umetoka bara. Ni mawe ya mlimani yaliyosagwa yakabebwa na mto. Watu wengi wanaojenga ufuoni hudhani mchanga ni mchanga tu. Sivyo. Kila ufuo una mlezi wake, na kabla hujamwaga zege yafaa umjue wako ni nani.

Tuanzie juu mlimani. Mteremko wa udongo unasimama kwa sababu chembe zake zinakandamizana na kukwaruzana. Mvua ikinyesha siku nyingi, maji hujaza nafasi zilizo kati ya chembe. Hapo watu husema maji yanautelezesha udongo kama mafuta. Hilo ni kosa. Kinachotokea ni kwamba maji yaliyojaa yanabeba sehemu ya uzito ambao chembe zilikuwa zikibebeana, basi zile chembe hazikandamizani tena vya kutosha kushikana. Uzito wa mlima umeongezeka kwa maji, na mshiko umepungua. Ukiongeza mtu aliyekata mguu wa mteremko apate uwanja wa nyumba au njia ya gari, jambo limekwisha.

Usiku wa kuamkia 23 Novemba 2019, miteremko ya Pokot Magharibi iliporomoka ikaua zaidi ya watu 50. Tarehe 3 Desemba 2023, kule Hanang nchini Tanzania, tope na mawe yalishuka kutoka kwenye mlima ambao ni volkano ya zamani, yakapita mjini Katesh. Waliofariki walizidi 80. Kote kuwili mvua ilikuwa kubwa, na kote kuwili dhara halikuishia mlimani, lilifuata mikondo ya maji hadi kwenye makazi.

Kama una jamaa wanaoishi kwenye miteremko, waambie wanayopaswa kuangalia: ufa wenye umbo la mwezi mchanga upande wa juu wa shamba, milango iliyokuwa ikifunga vizuri ikaanza kukwama, nguzo na miti kuinama, chemchemi kutokea mahali pasipokuwa na maji. Dalili mbaya kuliko zote ni kijito kupungua ghafla huku mvua ingali inanyesha. Maana yake kimezibwa huko juu, na kizibo hakitakaa. Hapo mtu haondoki kwa kushuka na bonde. Anapanda ubavuni.

Sasa udongo umefika mtoni. Mto huchagua. Jaribuni nyumbani: tia udongo wa shamba kwenye gilasi ya maji, koroga, kisha tazama saa. Mchanga hutua kabla ya dakika moja kwisha. Tope laini huchukua saa moja na zaidi. Ule mfinyanzi mwembamba utalala nao, asubuhi maji yangali na ukungu. Mto hufanya vivyo hivyo, ila gilasi yake ina urefu wa mamia ya kilomita: mawe hubaki vilimani, mchanga huburutwa chini kwa hatua, tope husafiri moja kwa moja hadi baharini.

Ukijenga bwawa, maji hupunguza mwendo na mchanga unatua mwanzoni mwa ziwa. Udongo wa Murang'a huingia Tana, na tangu 1981 Tana hupitia bwawa la Masinga, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo huo haifiki chini. Maji yatokayo bwawani hayana mzigo, nayo huupata kwa kuchimba kingo na sakafu ya mto wenyewe. Huku deltani mto una tabia zake. Karne ya 19 mfereji wa Belezoni ulichimbwa kuunganisha Tana na mto Ozi, na Tana ikaufanya kuwa njia yake hadi Kipini. Mchimbaji alitaka njia ya mashua, mto ukachukua mlango mzima.

Sabaki ni habari nyingine. Huu ni ule ule Athi unaoanzia upande wa Nairobi, ukiungana na Tsavo unaitwa Galana, ukikaribia bahari ndio Sabaki. Unapita Machakos na Makueni, na kila shamba lisilo na matuta linauchangia. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, maji mekundu huelekea kaskazini. Wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, hurudi kusini hadi kwenye matumbawe ya Malindi. Ufuo wa Malindi umeingia baharini, na nyumba zilizojengwa kando ya maji leo zinayatazama kwa mbali. Wenye hoteli wanalalamika mchanga umezidi. Lakini bwawa la Thwake limewekwa kwenye mto huo huo, mpakani mwa Makueni na Kitui. Bwawa likishika mchanga, malalamiko ya Malindi yanaweza kugeuka.

Na Mombasa je? Mchanga wa Sabaki hautufikii, siki imeshasema. Mito yetu midogo inaishia ndani ya mahori, ile mikono ya bahari inayoingia barani: Kombeni katika hori la Tudor, Mwache upande wa Port Reitz. Mahori haya ni mabonde ya mito yaliyozama. Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipokuwa nyingi duniani, bahari ilikuwa chini ya ilipo leo kwa karibu mita 120, na mito ikachonga mabonde marefu kufuata maji yalipo. Bahari iliporudi ikayajaza. Ndiyo maana meli kubwa zinaingia Kilindini, na jina lenyewe linatosha kueleza. Ndiyo maana pia Mombasa ni kisiwa.

Kwa hiyo tope la mito hii halifiki Nyali wala Bamburi, linatua horini. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hivi kwamba mikoko mingi ya Mwache ilikufa imesimama. Mizizi yake ya kupumulia ilifunikwa.

Basi mlezi wa fuo za nje ni mwamba. Matumbawe yaliyovunjika, makombe, mwani ule wa chokaa wenye vibamba mithili ya sarafu, na pono. Pono anaguguna jiwe apate mwani, anasaga kwa meno ya kooni, kinachotoka nyuma ni mchanga mweupe. Mnaopiga mbizi mmeona lile wingu. Joto la bahari la 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu. Halafu tukivua kupita kiasi kikande, samaki anayekula mafuma, hao mafuma, wanyama wa miiba wa mwambani, wanaongezeka kwa kuwa hakuna tena wa kuwala, nao wanakwangua mwamba hadi uchakae. Mwamba ukishuka, mawimbi yanapita juu yake bila kuvunjika.

Hapo pana hesabu moja muhimu. Penye maji machache, wimbi haliwezi kuzidi sana robo tatu ya kina cha maji linamopita. Maji ya mita moja yanapitisha wimbi la kama sentimita 75. Ya mita mbili, mita moja na nusu. Bamvua letu, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, lina tofauti ya mita 3.5 hadi 4 kati ya kupwa na kujaa. Kwa hiyo ufuo hauliwi kila siku. Unaliwa saa chache za bamvua, hasa kusi ikivuma, wakati maji juu ya mwamba ni mengi. Siku za maji mafu utasema hapana tatizo lolote.

Sasa ukuta. Wimbi likipiga ukuta wima, nguvu hugawika, nyingine juu na nyingine chini. Ile ya chini inachimba mchanga mbele ya msingi. Mchanga ukishuka nusu mita, maji pale ni marefu zaidi kwa nusu mita, na wimbi linalofika ni kubwa zaidi. Ukuta unajitafutia adui. Makosa ninayotaka myakumbuke ni haya. La kwanza ni msingi kuwekwa juu ya mchanga ilhali jiwe gumu liko chini kidogo: kabla ya kujenga, wakati wa kupwa, gongeni nondo kila mita chache mjue jiwe liko wapi, kwa sababu halilali sawa. La pili ni maji ya nyuma. Bahari ikipwa, maji ya mvua na ya bustani yaliyo nyuma ya ukuta yanausukuma nje. Toeni matundu kila mita moja na nusu hadi mbili, na nyuma yake kokoto na kitambaa cha kuchujia. Bila kitambaa, matundu yatatoa maji pamoja na mchanga, na siku moja sakafu ya baraza itazama ukuta ukiwa bado umesimama vizuri. La tatu ni ncha. Ukuta ukikatika ghafla kwenye mpaka wa kiwanja, bahari inazunguka, inamla jirani, kisha inakuingilia kwa ubavu. Ncha zirudishwe ndani ya nchi kavu, na mazungumzo na jirani yaanze kabla ya michoro.

Mteremko wa mawe makubwa yaliyopangwa hunywa nguvu ya wimbi kuliko ukuta wima, ila nao unakula ufuo wa kupita watu. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachotengeneza mchanga hata konzi moja.

Kingo za Mji wa Kale zina ugonjwa wao. Ni mwamba wa zamani wa matumbawe, ulioota kama miaka 125,000 iliyopita bahari ilipokuwa juu ya ilipo leo kwa mita kadhaa. Ngome ya Yesu, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, imekaa juu yake. Bahari inachonga mfuo kwenye usawa wa maji kujaa, kwa wimbi na kwa vijidudu vinavyotoboa chokaa, hadi juu panabaki kama paa bila nguzo. Paa hilo huanguka kwa kufuata nyufa, na nyufa hupanuliwa na maji ya juu. Shimo la choo au mfereji unaomwagika ukingoni huharakisha kazi ya bahari.

Swali lililoletwa kwa karatasi: mtu atajuaje ufuo wake unapungua? Chukueni fimbo mbili za mita 1.5, zipigwe alama kila sentimita kuanzia juu, na kamba ya mita mbili kati yake. Anzeni kwenye alama isiyohama, kona ya ukuta au jiwe lililopakwa rangi. Mmoja asimame upande wa bahari. Aliye nyuma aangalie juu ya ncha ya fimbo ya mbele hadi upeo wa bahari, asome mstari huo unakata fimbo yake kwenye sentimita ngapi. Ndio mshuko wa hatua hiyo. Andikeni, sogeeni, rudieni hadi majini. Fanyeni wakati wa kupwa kwa bamvua, mwisho wa kusi na mwisho wa kaskazi, kwani mchanga husafiri kaskazini msimu mmoja na kurudi mwingine. Anayepima mara moja huona nusu ya safari akadhani ni msiba.

Na la mwisho: kwa nini tusipande mikoko Bamburi? Kwa sababu miche haishiki kwenye mchanga unaopigwa na wimbi wazi. Mikoko ipandwe Tudor na Mwache, kwenye tope lililotulia, kila aina kwenye usawa wake wa maji: mlilana mbele, mkoko nyuma yake, mchu huko juu kwenye chumvi nyingi. Bamburi acheni ule mtambaazi wenye maua ya zambarau. Kila anayeufagia kusafisha ufuo anaondoa kile kinachoshika mchanga usipeperushwe.