Poti Usiyoijua, Ifuate Hadi Kwenye Faili

Ndugu zangu, karibuni. Umeingia kwenye seva ya Linux, umeorodhesha poti zilizo wazi (milango yenye namba ambayo programu hupokelea mawasiliano ya mtandao), umekuta namba usiyoitambua. Wengi hukimbilia kuitafuta namba hiyo mtandaoni. Nawasihi msianzie hapo. Namba ni desturi tu: programu yenye ruhusa inaweza kusikiliza poti yoyote, 1 hadi 65535. Hata faili la /etc/services ni orodha ya majina. Halithibitishi nani anasikiliza.

Andikeni sudo ss -tulpn, amri inayoorodhesha poti na programu zinazozisikiliza. Bila sudo, yaani bila mamlaka ya msimamizi, hamtaona michakato (programu zinazoendeshwa) ya watumiaji wengine. Kabla ya namba, someni anwani. 127.0.0.1 ni ndani ya mashine yenyewe, 0.0.0.0 au [::] ni kila anwani ya seva. Poti 53 kwenye 127.0.0.53 kwa kawaida ni systemd-resolved, huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, msihangaike nayo. Lakini rpcbind (huduma inayosaidia NFS, njia ya kushiriki mafaili mtandaoni) kwenye 0.0.0.0:111, kwa seva isiyotumia NFS, mimi naizima.

Mkishapata PID, yaani namba ya mchakato, ifuateni kwa kuiweka palipoandikwa PID hapa: sudo ls -l /proc/PID/exe. Mtaona faili lenyewe. Kisha dpkg -S (Debian na Ubuntu), au rpm -qf (Red Hat na jamaa zake), ikipewa njia ya faili hilo, itawaambia limeletwa na kifurushi gani, na systemctl status ikipewa PID hiyo itataja huduma iliyoianzisha. Faili lisilo la kifurushi chochote si lazima liwe ovu. Pengine mwenzenu aliliweka kwa mkono, muulizeni. Ila likiwa ndani ya /tmp (folda ya mafaili ya muda), au mstari ukiishia na (deleted), yaani faili limefutwa, msiharakishe kuua mchakato. Programu iliyofutwa diskini bado inanakilika kupitia /proc/PID/exe maadamu mchakato u hai. Ukifa, ushahidi huo umekwenda. Itengeni seva na mtandao, nakilini, ndipo muue.

Zipo poti zisizo na PID hata kwa root, yaani msimamizi mkuu. WireGuard (VPN), mara nyingi UDP 51820, hufanya kazi ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, na lockd, sehemu ya NFS inayofunga mafaili, vilevile.

Kisha pimeni kutoka mashine nyingine. Tumieni nmap, programu ya kupima poti, pamoja na -p-, kwa sababu bila hiyo nmap hupima poti 1000 tu. Hapa Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena zilizotengwa, huwashangaza wengi: huandika kanuni zake za iptables (ngome ya Linux), hivyo poti ya kontena iliyotolewa nje hufikiwa ingawa ufw, chombo cha kusimamia ngome hiyo, inaonyesha imezuiwa. Na poti ikionekana nje huku ss haiitaji, kagueni kanuni za nat, zinazoelekeza mawasiliano kwenye poti au mashine nyingine. Zisipoieleza, chukulieni kwamba seva inawaficha kitu: msiiamini tena, isimikeni upya.