Sanaa ya Muda Mjini: Nani Analipa, na Nani Anaiondoa?

MTANGAZAJI WA KWANZA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunazungumzia namna mji unavyoweza kuwasaidia wasanii wake kujaribu kazi za muda mahali pa wazi. Nianze na Mapembeni, hapa hapa Mombasa. Yale mapembe ya aluminiamu yanayokutana juu ya Barabara ya Moi asili yake ni mapambo ya ziara ya kifalme ya miaka ya 1950. Mgeni alikwisha kwenda zake, mapembe yangalipo.

MTANGAZAJI WA PILI: Na hilo, kakangu, ndilo linalowatia wasiwasi maofisa. Ukiwaambia kazi itakaa miezi mitatu, wao wanasikia milele, kwa hiyo wanakataa mapema ili wasije wakalaumiwa baadaye. Mimi naona jambo la kwanza kuandikwa katika kibali liwe tarehe ya kuiondoa kazi, pamoja na fungu la fedha za kuiondolea.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Umeliweka mbele kuliko hata malipo ya msanii?

MTANGAZAJI WA PILI: Nina sababu yangu. Niliwahi kushiriki maonyesho ya wiki mbili, nikachora mbao nne za plaiwudi. Nililipwa nauli na chakula cha mchana, kwa hoja kwamba kazi si ya kudumu, kana kwamba rangi ya kazi ya muda huuzwa nusu bei. Miezi minane baadaye mbao zilikuwa bado zimesimama, zimevimba kwa mvua, na misumari imetokeza upande wanaopita watoto. Mwishowe nilikodi mkokoteni kwa pesa zangu nikaenda kuzing'oa. Ndiyo maana nasema ujira, vifaa na uondoaji viwe mafungu matatu yasiyokopeshana.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Pole sana, dadangu. Hata hivyo muda mfupi, ukisimamiwa vizuri, humpa msanii ujasiri. Pale Trafalgar Square, London, kuna jukwaa la mawe lililojengwa mwaka 1841 kwa ajili ya sanamu ya Mfalme William IV akiwa juu ya farasi. Fedha zikapungua, sanamu haikuja, na jukwaa likakaa tupu zaidi ya miaka 150. Tangu 1999 huwekwa kazi moja, ikaondolewa, ikaja nyingine. Mwaka 2009 mchongaji Antony Gormley hakuweka sanamu yoyote: kwa siku 100 watu 2,400 walipokezana kusimama juu yake, kila mmoja saa moja. Hakuna mji ambao ungekubali jambo kama hilo liwe la kudumu.

MTANGAZAJI WA PILI: Mimi ninayoipenda pale ni ya Samson Kambalu wa Malawi, iliyowekwa mwaka 2022. Alichukua picha ya 1914 ya mchungaji John Chilembwe akiwa na mmisionari Mwingereza, akamfanya Chilembwe mkubwa kupita kiasi, na kofia yake kichwani, wakati ambapo Mwafrika alikatazwa kuvaa kofia mbele ya mzungu. Lakini tusijidanganye, London ina fungu la kudumu la kazi hiyo, na wanaochaguliwa huonyesha kwanza vielelezo vidogo ili wananchi watoe maoni. Hapo kwenye kielelezo ndipo nasi tungeweza kuanzia, kwa kuwa gharama yake ni ndogo.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Na watu wakiipenda kazi, tarehe ikafika?

MTANGAZAJI WA PILI: Waikomboe. Merikebu ya msanii Yinka Shonibare iliyo ndani ya chupa, yenye matanga ya kitambaa kama vitenge vyetu, ilishuka jukwaani ikanunuliwa kwa michango, na sasa iko Greenwich, London. Ila kupendwa nako huchukua muda: kule Douala, Kameruni, sanamu ya vyuma chakavu ya Joseph Francis Sumégné, iliyosimamishwa mwaka 1996 kwenye mzunguko wa Deido, ilipingwa vikali, na leo ndiyo alama ya mji.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Basi wiki mbili hazitoshi.

MTANGAZAJI WA PILI: Hazitoshi, hasa pwani. Kazi iliyotulia wakati wa kaskazi inaweza kung'olewa na kusi, na chuma kisichopakwa rangi ya kuzuia kutu huliwa na chumvi upesi. Ningeanzia bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari hapa Mombasa, kwa kielelezo cha boriti, kamba na turubai, chenye ukubwa kamili, kabla fundi wa kuchomelea hajagusa chuma.

MTANGAZAJI WA KWANZA: Na maoni utayakusanya kwa nani? Wageni waalikwa hawakosi kusifu.

MTANGAZAJI WA PILI: Kwa wauza mihogo na madafu wa pale pale. Wao wapo kutwa nzima, na kazi ikiwazibia upepo au wateja, watakwambia siku ya kwanza kabla jua halijachwa.