Uvimbe Unaorudi Baada ya Miaka 20

Asanteni. Nianzie kwenye darubini. Mkitazama kipande cha uvimbe wa granulosa wa ovari, mtaona viini vya seli vina mfuo katikati, kama punje ya buni. Mliokulia kwenye mibuni hamtasahau. Ni uvimbe wa nadra: katika saratani 100 za ovari, huwa mbili hadi tano hivi. Huanzia kwenye seli zinazolizunguka yai na kutengeneza estrojeni, homoni ya kike, ndiyo maana mama aliyekwisha koma hedhi huweza kuona damu tena. Jamani, hapo hedhi haijarudi. Aende hospitali.

Upasuaji huuondoa, mara nyingi vizuri. Ila huweza kurudi baada ya miaka 10, hata 20 na zaidi. Muda wote huo ulijificha wapi?

Ndipo lilipo wazo la seli shina za saratani, yaani seli chache zinazoweza kuuotesha uvimbe upya. Ukikata mgomba, wote unalala chini, lakini tunguu limebaki ardhini, na baada ya muda chipukizi hilo. Mwaka 1997, huko Toronto, Dominique Bonnet na John Dick walionyesha kwamba katika leukemia kali, saratani ya damu, ni seli chache tu zinazoweza kuuanzisha ugonjwa upya ndani ya panya. Mwaka 2003, Michigan, zamu ikawa ya saratani ya matiti: seli 100 zilizochaguliwa ziliotesha uvimbe, nyingine maelfu kwa maelfu hazikuotesha kitu.

Na granulosa je? Hapa tusikimbilie. Mwaka 2009 watafiti wa Vancouver walisoma vimbe nne, zote zikawa na kosa lilelile kwenye jeni ya FOXL2: herufi moja ya DNA, C imekuwa G. Wakapima nyingine 89 za watu wazima. 86 zilikuwa nalo. Tukapata dokezo kubwa la uvimbe unavyoanza. Seli ipi inabaki nyuma, hilo ni jingine. Huenda ni seli shina iliyolala. Huenda ni seli za kawaida za uvimbe zinazokua kwa mwendo wa kobe. Dawa nyingi za kemo huwinda seli zinazogawanyika kwa kasi, kwa hiyo zote mbili huponyoka. Mimi naelemea kwa kobe, ingawa mgomba wangu naupenda.

Basi mgonjwa niliyemfanyia upasuaji zamani bado namtoa damu kupima inhibini, homoni ambayo uvimbe huu huitoa, hata akininung'unikia, "Daktari, si nilishapona?"

Naam, dada pale nyuma, uliza.