Kisima na Jaa la Makombe: Riziki ya Wawindaji wa Kale katika Pwani Kame

Wazee wetu, mama zetu na vijana mliofika jioni hii hapa Tanga, assalaam alaykum, na ahsanteni kwa kuja.

Nitazungumzia watu wa kale ambao hawakulima, wakaishi kando ya bahari mahali ambapo mvua karibu hainyeshi, na nitakaa zaidi Namibia, kwa kuwa pwani ile imenifunza kuliko nyingine yoyote. Sisi hapa hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Walvis Bay, mji wa pwani ya Namibia, hupata chini ya 20. Sababu ni mkondo wa Benguela, ambao maji yake ya baridi huipoza hewa ya baharini, ukungu ukatanda bila mawingu ya mvua kujengeka. Mkondo huohuo huinua virutubisho kutoka kilindini, na ndiyo maana bahari imejaa samaki, sili na kombe, huku nchi kavu iliyo hatua chache tu kutoka majini ikiwa mchanga mtupu.

Apitaye ufukweni kule hukuta majaa ya magamba yaliyoachwa na watu wa kale, na ni rahisi kuhukumu kwamba hao walikuwa walaji wa kombe, basi. Hukumu hiyo siikubali. Gamba haliozi. Samaki huacha miiba myembamba inayopotea upesi. Nyangumi aliyekwama hukatwa minofu palepale, mafuta yake yakabebwa kwenda kambini bila hata mfupa mmoja. Mbegu nyingi hutafunwa zikaisha. Jaa hutuonyesha kilichodumu, wala si lazima kiwe ndicho kilicholiwa zaidi, na anayehesabu magamba peke yake huwapa kombe cheo ambacho huenda hawakuwa nacho chunguni.

Mama zetu wanaochokoa pweza wakati wa bamvua wanalijua jambo hili kwa njia yao: pweza huliwa kwa muhogo, kwa ugali au kwa wali wa nazi. Nyama ya kombe ina protini nyingi na mafuta machache sana, na mtu anayekula protini karibu tupu kwa wiki kadhaa hudhoofika hata tumbo lake likiwa limejaa, kwa sababu ini lina kiwango chake cha kuichakata. Kwa hiyo watu wa pwani kame walilazimika kutafuta mafuta au wanga. Mafuta yalitoka kwa sili na nyangumi. Wanga ulikuwa adimu zaidi, na hapa lazima niwaeleze habari za nara.

Nara ni tunda la jamii ya tikiti linaloota kwenye vilima vya mchanga vya jangwa la Namib. Mmea wake hauna majani, bali miiba na mashina ya kijani, na mizizi yake hushuka chini mno kuyafuata maji yaliyojificha chini ya ardhi, hasa karibu na mto Kuiseb, mto ambao juu yake huonekana mkavu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Watopnaar, wenyeji wa bonde hilo, hadi leo huvuna nara, huchemsha nyama yake, hutenga mbegu zenye mafuta mengi na kuzianika, na uji mzito unaobaki hukaushwa juani ili uwekwe akiba. Watopnaar ni wafugaji pia, na nisingependa yeyote adhani kwamba wao ni picha ya watu wa kale. Lakini maganda ya mbegu za nara hupatikana pamoja na makombe katika makazi ya zamani ya delta ya Kuiseb, na ushahidi huo hauwezi kupuuzwa. Bahari ilikuwa na neema kwa mamia ya kilomita, ila mtu aliweza kupiga kambi pale tu alipopata maji ya kunywa. Kisima kilimpangia mahali pa kukaa, na mahali hapo pakampangia bahari ya kuvua.

Mbegu hizo zina faida nyingine. Maji yanayopanda kutoka kilindini hubeba kaboni ya kale, gamba likajengwa kwayo, hivyo likipimwa umri kwa radiokaboni, yaani kaboni inayopungua polepole kadiri miaka inavyopita, huonekana la zamani kwa mamia ya miaka kuliko lilivyo. Nara hupata kaboni yake hewani. Mbegu ikipatikana kando ya gamba, ni afadhali ipimwe mbegu.

Kaskazini mwa Chile, kwenye jangwa la Atacama, mwili wenyewe ndio unaotoa ushahidi. Wachinchorro, wavuvi wa kale wa Arica, walianza kuhifadhi maiti zao kwa ustadi mkubwa miaka 7,000 hivi iliyopita, na mwaka 2021 UNESCO iliyatia maeneo yao katika Urithi wa Dunia. Kaboni na nitrojeni katika mifupa yao zinaonyesha kwamba chakula chao kingi kilitoka baharini. Mafuvu ya wanaume wengi yana uvimbe wa mfupa ndani ya tundu la sikio, uvimbe unaoota kwa mtu anayezamia maji ya baridi mara kwa mara, mwaka baada ya mwaka. Na makaburi yao? Mengi yako karibu na mahali ambapo mito midogo inayoshuka kutoka milima ya Andes huifikia bahari.